Mbio za Kila Mtu Kwao

27 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini u mzima, na cherehani yako nayo ni nzima. Huku tunaendelea vizuri. Mama hajambo, na mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linanung'unika kila nikipanda ngazi za ofisini.

Nimeamua kukuandikia barua yenye kichwa na miguu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tulikuwa watu wa "upo?" na "nipo", basi, na hata hiyo ikakatika. Jambo nililonalo halienei kwenye "nipo".

Tangu wewe uhame, Mwalimu ahamishwe shule, na Mkutubi apate kazi kwenye maktaba yake ya mbali, mbio zetu za Jumapili zimekufa kabisa. Nimebaki mimi nauzunguka uwanja peke yangu kama mtu aliyedondosha funguo. Sasa nimepanga hivi: kiangazi hiki tutakimbia mara nne, kuanzia Juni hadi Septemba, kila mtu huko huko aliko. Mwezi wa kwanza kilomita tano, wa pili kumi, wa tatu kupanda ngazi, wa nne kumi na tano. Kila raundi ina wiki yake. Unachagua siku, unakimbia, unatuma muda wako kwenye kundi kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ya mwisho. Nimezipa jina: Mbio za Kila Mtu Kwao.

Kanuni ni moja tu kubwa. Umbali wa simu sitaki kuuona. Mwaka juzi simu ya Mwalimu ilimwandikia kilomita nane siku aliyoshinda amekaa akisahihisha mitihani. Kila mtu apime mzunguko wake kwa tepu, kwa mkono wake, auchore kwenye karatasi, anitumie mchoro. Mimi ni mpima ardhi, wifi, siwezi kusimamia kitu nisichokijua urefu.

Usiseme huna nafasi. Nakujua.

Wifi yako


2 Juni

Wifi,

Nami nakusalimu. Mimi mzima, cherehani nzima, mgongo ndio wa kuombewa. Pole na goti.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili nikitafuta mahali pa kutia sahihi, maana nilidhani ni mkataba wa kiwanja. Nitakimbia, Mama Sentimita. Na kupima nimeshapima.

Chumba changu kiko juu ya duka la kushonea, na dirisha langu linatazama barabara. Nilishuka alfajiri na tepu yangu ya kazini na chaki yangu ya kazini, nikapiga magoti mlangoni nikaanza. Nimepita mbele ya gereji, nikaufuata ukuta wa chekechea, nikakunja kona kwenye duka la vioo, nikarudi mlangoni. Tepu moja ni mita moja na nusu. Nimeilaza chini mara mia tatu thelathini na tatu na kipande. Mama anayeuza mikate aliniuliza nimepoteza hereni gani ya thamani hivyo. Nilipomwambia napima mbio, alinitazama kwa huruma akanipa mkate. Mzunguko wangu ni mita mia tano kamili. Mizunguko kumi ndiyo kilomita tano. Mchoro huu hapa, usinicheke mistari.

Sasa niseme jambo ambalo nikilinyamazia litanikaa kooni. Nilipoandika "wifi" hapo juu, mkono ulisita. Tangu talaka itoke ni mwaka na zaidi, na hakuna mtu wa nyumba yenu aliyenitafuta. Mama simu yangu haipokei. Mimi niliachana na mtu mmoja, nikajikuta nimeachwa na ukoo mzima. Miaka tisa nimekula nanyi, nimeuguza nanyi, nimewashonea hadi mapazia. Barua yako ilipofika nililia, nakwambia kweli. Kwa hiyo usidhani nakimbia kwa ajili ya kilomita. Nakimbia ili nisikupoteze na wewe.

Wifi yako, kama bado ni wifi yako


21 Juni

Wifi yangu,

Habari za joto? Huku jua linatuchoma hata kabla ya chai. Natumaini afya iko sawa.

Raundi ya kwanza imeisha, na mimi nusura niishe nayo. Nikwambie niliyoyaona. Mwalimu amepima mzunguko wake kwa hatua, anasema hatua yake ni mita moja. Mwanamke yule miguu yake tunaijua mimi na wewe. Nimemwambia apime upya, akanijibu kwamba yeye amefundisha hesabu miaka kumi na minne. Mkutubi amekimbia kilomita moja kila siku kwa siku tano, kisha akajumlisha muda. Nimemuuliza hiyo ni kanuni ya wapi, akasema kanuni haikukataza. Nikaisoma kanuni. Kweli haikukataza. Nilitamani kulia. Kila siku nawakumbusha muda wa mwisho, na kila siku wananitumia vikatuni vya kucheka. Nina kazi ofisini, nina viwanja vya watu wanaogombana mpaka, halafu jioni naanza tena kesi za hawa.

Matokeo ni haya. Wa kwanza dakika 29 na sekunde 52. Wewe wa pili, dakika 30 na sekunde 20. Mimi wa tatu, 31 na 5. Hao wawili nimewaweka pembeni hadi wapime kama watu.

Utauliza huyo wa kwanza ni nani, maana tulikuwa wanne. Ni kaka. Alinisikia nikimsimulia Mama habari za mbio, akasema na yeye anataka. Alipima, akachora, akatuma siku ya mwisho saa kumi na moja na nusu. Nimeona si vibaya. Nyote ni watu wazima, na kila mmoja yuko kwake. Hongera kwa nafasi ya pili.

Wifi yako


22 Juni

Wifi,

Mimi mzima, ahsante.

Umemwingiza kaka yako kwenye kundi la sisi wanne, hukuniuliza, halafu unaniambia mwishoni mwa barua baada ya habari za miguu ya Mwalimu. Kundi lile lina namba yangu mpya ambayo yeye hakuwa nayo. Lina mchoro wa mtaa wangu, na mlango wangu umewekewa alama ya mshale. Hilo hukulifikiria? Wewe unayefikiria sentimita?

Sitatoka. Mimi ndiye niliyekuwepo kwanza, na mbio nazipenda. Lakini nimeumia, na nataka ujue nimeumia.

Jambo jingine. Siku ile nilikuwa na simu mfukoni. Ilisema nimekimbia kilomita tano na mita mia na thelathini. Najua hupendi simu, nakuuliza tu, maana nilichoka kuliko inavyostahili.

Wifi yako


30 Juni

Wifi yangu,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mama anaendelea vizuri.

Barua yako ilinikuta nimechoka, ikanichosha zaidi, ndiyo maana nimekawia. Kuhusu mchoro nimekosa, nimeshaufuta kwenye kundi. Kuhusu kaka, nifanye nini? Ni kaka yangu. Alikuja mwenyewe, siwezi kumfungia mlango kana kwamba ni mwizi. Tangu mwachane mtu yule amekuwa wa kukaa sebuleni na kuhesabu vigae. Hizi mbio zimemtoa nje. Nilidhani utafurahi kwamba angalau mambo yanaweza kuwa ya kawaida.

Kuhusu simu, kanuni ni ile ile. Nikikukubalia wewe mita mia na thelathini, kesho Mwalimu ataniletea mia tatu. Ulipima kwa mkono wako, ukasema mia tano, basi ni mia tano. Raundi ya pili ni mizunguko ishirini.

Wifi yako


26 Julai

Dada,

Salamu.

Nimetoka kwenye kundi jana, nadhani umeona, ingawa hujauliza. Nitakueleza sababu mara moja tu.

Nimekimbia mizunguko ishirini. Nilianza saa kumi na moja alfajiri ili niwahi kushona, maana sare za shule mia na arobaini zinanisubiri, na joto lilikuwa limeshaamka. Nilimaliza kwa saa moja, dakika tatu na sekunde tano, nikakaa kwenye ngazi za mama wa mikate nikiwa sijui jina langu. Nikatuma muda. Kaka yako alikuwa na saa moja, dakika mbili na sekunde arobaini. Sawa. Kanishinda, hayo ni mashindano. Lakini akaandika mbele ya watu wote: "Aliyenikimbia nyumbani, nimemwacha barabarani."

Mwalimu alinyamaza. Mkutubi alinyamaza. Wewe ulituma kikatuni cha kucheka.

Nimekitazama kile kikatuni mpaka skrini ikazima. Miaka tisa sikuwahi kumsema kaka yako kwa mtu, hata kwako. Sikukwambia kwa nini niliondoka kwa sababu nilisema huyu ni dada yake, nisimpe mzigo wa kuchagua. Kumbe ulishachagua, na ulichagua kwa kicheko.

Hongera kwa mbio zako.

Mtalaka wa kaka yako


28 Julai

Wifi yangu,

Tafadhali usiniite dada kwa barua ya baridi namna ile, wala usisaini vile. Nimeisoma nikiwa ofisini, nikalazimika kwenda kusimama chooni.

Kile kikatuni nilikituma haraka. Mkutubi alikuwa ametuma kitu hapo juu, na mimi huwa nabonyeza tu ili mambo yapite, maana kundi lile lilikuwa limeshanifika shingoni. Sikutaka ugomvi mbele ya watu. Nilidhani nikicheka litakuwa utani, na likiwa utani litaisha. Nilikosea. Kaka nimemwambia.

Rudi kwenye kundi. Agosti ni ngazi tu.

Wifi yako


9 Agosti

Wifi,

Hujajibu. Natumaini ni kazi za sare na si ugonjwa.

Mambo yangu yanakwenda kombo. Mkutubi amesema ngazi za maktaba hazitoshi, ameomba kurudiarudia zile zile tano. Mwalimu amekuja na cheti cha daktari. Kaka anauliza mbona hakuna upinzani. Nilikuwa na karatasi nzuri ya ukutani, nimechora miezi minne kwa wino wa rangi, sasa kila nikiitazama naona upande wako mweupe.

Niandikie hata mstari mmoja wa matusi.

Wifi yako


19 Agosti

Wifi yangu,

Salamu. Sitakuuliza hali kwa sababu najua hutanijibu, lakini soma barua hii hadi mwisho.

Jana nilikwenda kwa fundi wa mtaa wetu kupunguziwa sketi. Nikamtazama akipima kitambaa kirefu cha pazia. Analaza tepu, anapiga chaki, halafu kabla ya kuilaza tena anasogeza mbele vidole viwili. Kila mara. Nikamuuliza hivyo vidole ni vya nini. Akasema, ni nafasi ya mshono, mama, usipoiacha nguo inabana. Akasema mkono wake unaiacha wenyewe, hata akipima mlango wa nyumba yake.

Nilitoka dukani na sketi sijaichukua. Nilikwenda ofisini siku ya mapumziko, nikafungua picha ya angani ya mji wako, nikautafuta mtaa wako. Gereji, chekechea, duka la vioo, mlango wako. Nimepima mara sita. Wifi, mzunguko wako si mita mia tano. Ni mia tano na kumi na tatu na kitu. Mara mia tatu thelathini na tatu uliiachia barabara nafasi ya mshono, sentimita nne nne. Simu yako ilikuwa inasema kweli, na mimi niliifukuza.

Maana yake ni hii. Juni ulimshinda kaka kwa sekunde kumi na tisa. Julai ulimshinda kwa dakika moja na sekunde kumi na tatu. Ulikuwa unakimbia njia ndefu kuliko sisi sote, na kila mara nikakuandika wa pili.

Nimeyaweka yote kwenye kundi jana ile ile, pamoja na hesabu na picha. Nimeandika pia kwamba neno alilosema kaka lilikuwa la aibu, na kicheko changu kilikuwa cha aibu zaidi. Mwalimu akaandika, "Nilikuwa nangoja uone haya." Kaka amenipigia simu, ameniambia nimemvua nguo mbele za watu kwa ajili ya mwanamke aliyeondoka. Mama anasema nimekuwa na kiburi cha vipimo. Sijali. Afadhali nimesema.

Sasa wewe ni wa kwanza kwa raundi zote mbili. Rudi.

Wifi yako


24 Agosti

Dada,

Nimekusoma.

Nilicheka kidogo kuhusu vidole viwili. Nimeshuka chini nikajaribu tena, na kweli mkono unasogea wenyewe. Siwezi kuuzuia hata nikiutazama. Hapo hatuna ugomvi, ni kosa langu mwenyewe na nimelikubali.

Lakini wewe unadhani nilitoka kwa sababu ya sekunde. Umefanya kazi siku ya mapumziko, umepima mara sita, umegombana na ndugu yako, na bado umelipima jambo ambalo silo. Mimi kuwa wa pili hakukuniuma hata kidogo. Nisingekuwa na hasira hata kama ningekuwa wa mwisho nyuma ya Mwalimu na cheti chake.

Nataka unijibu swali moja, na usilizungushe. Mwaka mzima mlikuwa kimya nyote, na wewe ukiwemo. Ghafla mwezi wa Mei unakuja na barua, na kanuni, na miezi minne. Wiki tatu baadaye kaka yako yumo. Na barua zako zinaniambia Mama hajambo, Mama anaendelea vizuri, Mama ambaye simu yangu hapokei. Mbio hizi alizibuni nani?

Mtalaka wa kaka yako


1 Septemba

Wifi,

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ni ya tano, na nitaituma ilivyo.

Alizibuni Mama. Si kanuni, kanuni ni zangu, lakini wazo. Mwezi wa Aprili alinikalisha jikoni akaniambia, "Yule mrudishe kwenye maongezi kwanza, mengine yatakuja yenyewe." Anaona aibu kwa majirani, na anamwonea huruma mwanawe. Aliniambia nianze na kitu tunachokipenda mimi na wewe. Kaka naye alijua tangu mwanzo, na ile hadithi ya kwamba alinisikia nikisimulia ni uongo nilioutunga njiani nikirudi nyumbani. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nakukumbuka, na kwa sababu nilikuwa naona haya kukuandikia bila sababu baada ya kukaa kimya mwaka mzima. Mama alinipa sababu, nikaichukua. Huo ndio ukweli wote. Unaniuma, na unastahili kuniuma.

Raundi ya nne nimeifuta. Kundi nimelifunga. Mwalimu ameshangilia kwa vikatuni kumi. Karatasi ya ukutani nimeibandua, imeacha alama ya gundi ambayo haitoki. Mama haniongeleshi tangu juzi, tunapishana kwenye korido kama wapangaji.

Nimekaa nikazisoma barua zangu zote kwako tangu Mei. Nina nakala, unanijua. Kuna kanuni, kuna muda, kuna Mwalimu, kuna Mkutubi, kuna kaka, kuna goti langu. Nimekuuliza habari za afya karibu kila barua, kama mtu anayebisha hodi na kupita. Hakuna mahali hata pamoja nilipokuuliza kitu nikitaka kukijua.

Basi nauliza sasa. Siku uliyohama nilikuwa naishi mitaa miwili kutoka kwenu. Tarehe niliijua, Mama alikuwa amenitajia. Nilikwenda kazini, na jioni nilipita njia nyingine. Ile cherehani yako ni chuma kitupu, na mlikuwa mnakaa ghorofa ya nne. Nani alikusaidia kuishusha?

Wifi yako, ukikubali


6 Septemba

Wifi,

Hakuna mtu.

Nilifungua skrubu nikakitoa kichwa cha cherehani, nikakizungushia blanketi, nikakishusha mikononi kama mtoto. Ghorofa nne. Kisha nikapanda nikashusha meza yake. Kisha miguu ya chuma, ile yenye kanyagio, ambayo ilinichuna hapa kwenye goti na alama ipo mpaka leo. Dereva wa pikapu alisema hawezi kuliacha gari, watu wa maegesho hufunga magurudumu mtaa ule. Kaka yako alikuwa ndani. Alikuwa ameketi sebuleni anasikiliza redio, na kila nikiingia kuchukua kitu alikuwa anaongeza sauti kidogo. Hakunitukana, hakunizuia, hakunishika mkono. Miaka tisa ilikuwa hivyo hivyo, wifi. Uliniuliza kwa nini niliondoka? Hukuniuliza, lakini ndiyo hiyo. Niliishi na redio.

Ghorofa ya pili pana dirisha pale kwenye ngazi. Nilikaa hapo kupumzika na kichwa cha cherehani mapajani, na kutokea hapo unaiona kona ya duka la dawa ambayo wewe ndiyo njia yako. Nilikuwa nimejiambia kwamba wewe utakuja. Wengine nilijua hawaji, lakini wewe nilikuwa na uhakika nawe hata nikakuwekea kiroba kimoja chepesi pembeni, cha nguo, ili usijiumize. Vitu vilipokwisha kupakiwa nilimwomba dereva asubiri dakika kumi. Alisubiri ishirini, mtu mwema yule. Halafu akasema, mama, tunaondoka. Kiroba nikakipandisha mwenyewe.

Hicho ndicho kilichokuwa kinanikaa kooni tangu Mei, na kikatuni chako kilikuja kukaa juu yake. Sasa umeuliza. Umechelewa mwaka na nusu, lakini umeuliza, na hakuna mwingine aliyewahi.

Bado nina hasira, usiniharakishe. Usinitumie radhi kwenye barua, zimeshatosha. Mama mwambie mimi sirudi. Mwambie kwa mdomo wako, jikoni hapo hapo alipokukalisha, halafu ongea naye, usikae na mama yako kama mpangaji kwa sababu yangu. Kundi ulilolifunga lifungue kwa ajili ya Mwalimu na Mkutubi, wanakupenda hawa, wanakusumbua tu.

Mimi hapa nina meza ya kukatia vitambaa. Ipo kwenye kona yenye giza, nataka kuisogeza dirishani, na ni ya mbao nzito, nimejaribu mara tatu peke yangu ikanishinda. Mama wa mikate amejitolea, nimemkatalia.

Njoo Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nitakusubiri dakika ishirini.

Wifi yako